Ukuta wa mita 18, watoto 64

Swali: Nafundisha darasa la tano katika shule ya msingi iliyo karibu na bahari, Tanga. Darasa lina mikondo miwili, jumla wanafunzi 64. Tuna ukuta wa uzio wa matofali ya saruji unaotazama barabara, urefu mita 18, kimo mita 2, na mwenye duka la vifaa vya ujenzi amejitolea kutupa rangi. Miaka mitatu iliyopita kikundi fulani kilikuja kuuchora ukuta huohuo. Watoto walishikishwa brashi wakapigwa picha, kisha wasanii wakamaliza wenyewe, na kabla ya mwaka kwisha rangi ikaanza kubanduka. Safari hii nataka wanafunzi wangu wafanye kazi kweli, na idumu. Lakini wengi hawajawahi kushika brashi, na baadhi ya wazazi wanasema tunapoteza vipindi. Nianzie wapi?

Jibu: Mwalimu, salamu kwako na kwa hao vijana wako. Nimelisoma swali lako mara mbili, na sehemu iliyonikaa moyoni ni hiyo ya watoto kushikishwa brashi wakapigwa picha. Nimechora kuta za shule pamoja na wanafunzi kwa miaka mingi hapa pwani, na jambo hilo nimelikuta mara nyingi. Mtoto wa miaka kumi na mmoja anajua kabisa kwamba alitumiwa. Ukimuuliza baadaye atakuambia ukuta ule "waliuchora wale wageni", hata kama kwenye picha yeye ndiye aliye mbele.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauhusu rangi. Kabla mtoto hajashika brashi, awe ameshaamua jambo fulani kuhusu ukuta huo, na uamuzi wake uheshimiwe hadi mwisho. Somo hili mimi nililipata kwa kumuumiza mtoto. Katika shule moja ya ufukweni, kijana wa darasa la nne alichora ngalawa, na kando yake dema la kuvulia samaki lililokuwa kubwa kuliko ngalawa yenyewe. Alilichora kwa uangalifu mno, akihesabu pembe sita za kila tundu kama linavyosukwa. Jioni watoto walipoondoka, nikalipunguza lile dema lilingane na chombo. Niliona nimemsaidia. Asubuhi akasimama mbele ya ukuta kitambo, akaniuliza, "Hili la nani?" Nikamwambia ni lako, nimeliweka sawa tu. Akasema, "La kwetu kubwa. Babu kalisuka mwenyewe. Ngalawa tunaazima." Nikalirudisha kama alivyolichora, lakini hakugusa tena brashi mpaka kazi ikaisha. Tangu siku hiyo sirekebishi mchoro wa mtoto akiwa hayupo, na akiwepo namuuliza kwanza kwa nini kitu kiko hivyo kilivyo.

Sasa, watoto 64 kuamua kwa pamoja si jambo jepesi. Ukiwaachia ukuta mtupu utapata vurugu: wawili watatu hodari watachora kila kitu na waliobaki watarushiana rangi. Kazi yako na ya mchoraji utakayemwalika ni kuandaa umbo ambalo kila mkono una mahali pake ndani yake. Umbo hilo tunalo majumbani. Ni kanga.

Fikiria kanga ilivyo: pindo linalozunguka pande zote, mji katikati, na jina juu ya pindo la chini. Pindo ni urembo mmoja unaorudiwa, kwa hiyo hata asiyejua kuchora analiweza. Mji unataka picha chache zilizokolea, na hapo ndipo wenye mkono mwepesi wa kuchora watafanya kazi. Jina ni maneno, na hapo utashangaa ni nani watakaojitokeza. Kwa kuwa mna mikondo miwili, wachoreeni vipande viwili, kama doti: pindo moja, jina moja, ila kila mkondo na mji wake.

Nimekupigia hesabu. Acheni sentimita 30 za chini ziwe na rangi moja iliyokolea, maana mvua ikinyesha tope huruka pale na hakuna mchoro utakaobaki safi. Acheni na sentimita 10 za juu. Zinabaki mita 1.6 za kimo. Gawa urefu mara mbili na uache nafasi ya sentimita 40 katikati. Kila kanga inakuwa na mita 8.8. Pindo likiwa na upana wa sentimita 25, ukipima mzunguko wake kwa kufuata mstari wa katikati ya upana huo unapata mita 19.8. Gawa kwa watoto 32: kila mmoja ana zaidi kidogo ya sentimita 60 za pindo, zake peke yake. Usiwafanyie wewe hesabu hii. Wape futikamba, uzi wa fundi na chaki, waitafute wenyewe palepale ukutani, wakosee, wapime tena. Mzazi anayelalamikia vipindi mwalike siku hiyo. Akimwona mwanawe anabishana na mwenzake kuhusu mzingo wa mstatili, akiwa na chaki hadi kwenye nyusi, ataona mwenyewe kipindi kimekwenda wapi.

Kwa pindo tumieni muhuri. Chukueni bamia nene iliyokomaa, ile ambayo mama ameikataa sokoni kwa ugumu. Ikateni kati kwa kisu kikali, mtu mzima akate, mfute ule ute kwa kitambaa na kuiacha ikauke kidogo. Ukiichovya kwenye rangi nzito kama uji wa mgonjwa aliyepona na kuigandamiza, inaacha ua la pembe tano lenye matundu yake. Nimeona watoto wakicheka kwa mshangao kila mara, kwa sababu kitu hiki wanakila kila wiki na hawajawahi kukitazama ndani. Maua ya bamia ni madogo, kwa hiyo yachanganyeni na umbo kubwa zaidi: kipande cha godoro la zamani kilichokatwa umbo la korosho, au kiolezo kilichotobolewa kwenye filamu kuukuu ya eksirei, ambayo ni ngumu na inaoshwa. Wafanye majaribio kwenye magazeti siku nzima kabla ya kwenda ukutani. Tatizo la wanaoanza ni rangi nyingi mno kwenye muhuri; inatiririka, na mtoto anakata tamaa.

Jina lisiwe kauli ya mkuu wa shule. Najua kishawishi cha kuandika "Elimu ni ufunguo wa maisha" na kumaliza, lakini maneno hayo watoto wameyaona kwenye kuta kumi na hawayasomi tena. Waambie kila mmoja aende nyumbani akanakili jina la kanga moja ya mama, bibi au shangazi, na aulize ilinunuliwa lini na kwa nini. Kesho yake utakuwa na majina 64 darasani, na nusu yake ni mafumbo ambayo hata wewe yatakuumiza kichwa. Watayajadili, watajua jina huandikwa kwa herufi kubwa na kwa ufupi, kisha watunge la kwao na kulipigia kura. Waeleze pia kwamba majina ya kwanza ya kanga yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya hizi za Kirumi. Yamkini kuna mtoto anayesoma madrasa atakayetaka kuandika hivyo kwenye kipande kimoja. Mruhusu.

Kuhusu mji, mtolee kila mtoto kikaratasi achore kitu kimoja kilichopo kwao. Ubandike vyote ukutani darasani, wapite wakitazama, wachague vitano au sita kwa kila mkondo. Kisha umuulize mwenye mchoro kama anakubali mchoro wake ukuzwe. Kuukuza ni rahisi: kikaratasi kinagawanywa miraba, ukuta unagawanywa miraba mikubwa kwa idadi ileile, na kila kikundi kinanakili mraba wake. Vitu vitoke kama vilivyo, hata kama kuku ni mkubwa kuliko nyumba.

Katika kupaka, kuna mtu alipita huko kwenu ambaye utaratibu wake unawafaa sana wanaoanza. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Hakusomea sanaa. Mwaka 1968 alianza kuchora wanyama kwenye vibao vya hadibodi kwa rangi za kawaida za dukani, na alipofariki mwaka 1972 tayari alikuwa ameacha wanafunzi ambao waliuendeleza uchoraji huo unaoitwa kwa jina lake hadi leo. Tazama picha yoyote ya aina hiyo utaona hatua zake: kwanza nyuma yote inajazwa rangi, inaachwa ikauke, kisha mwili wa mnyama kwa rangi moja, unakauka, kisha madoa, mistari na macho. Hakuna kuchanganya kivuli na mwanga papo kwa papo, kazi ambayo humshinda hata mtu mzima. Kila hatua ni jambo moja, na kosa la hatua hii linafunikwa na hatua inayofuata. Wafundishe hivyo. Rangi tu ndiyo msimwige: yeye alitumia ya mafuta, ninyi tumieni ya maji.

Hapa ndipo niseme habari ya ukuta wenyewe, na naomba unisikilize sana, kwa sababu rangi iliyobanduka mara ya kwanza itabanduka tena kama chanzo kipo. Ukuta wa uzio unaingiza maji kwa njia mbili. Ya kwanza ni kichwani. Panda ngazi uangalie juu: kama pamepasuka au ni tambarare, mvua inatuama na kuzama ndani ya matofali, kisha inasukuma rangi kutoka nyuma. Fundi aweke lipu yenye mteremko kule juu. Ya pili ni chini, hasa mahali udongo au takataka zimerundikwa kwenye ukuta, ziondolewe. Karibu na bahari kuna tatizo la ziada, chumvi. Ukiona unga mweupe unachomoza, usiuoshe kwa maji kwanza, maana maji yanairudisha chumvi ndani. Isugueni kavu kwa brashi ya katani, huko kwenu haikosekani, mpaka uishe, rudieni baada ya siku chache, ndipo mwoshe.

Kujua kama ukuta umekauka, chukua karatasi ya nailoni, ile ya kufunikia madaftari, uibandike ukutani kwa gundi ya utepe pande zote nne na uiache siku nzima. Ukikuta matone ya maji ndani yake, ngojeni. Lipu mpya nayo iachwe wiki nne kabla ya kupakwa chochote, kwa kuwa saruji mbichi huila rangi. Kwa Tanga mimi ningelenga Julai hadi Septemba, masika yameondoka na vuli haijaanza. Ukianza Oktoba kwa sababu rangi imeshaletwa, utairudia hadithi ileile.

Jambo moja sikubaliani nalo hata kidogo, nalo ni watoto kukwangua rangi ya zamani. Baadhi ya rangi, hasa za mafuta na hasa za njano na nyekundu kali, zimetengenezwa kwa madini ya risasi. Vumbi lake likiingia kwa mtoto linadhuru ubongo, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Rangi ile ya kikundi cha awali hujui ilikuwa na nini. Ikwanguliwe na watu wazima, siku ambayo shule imefungwa, ukuta ukiwa umelowanishwa ili vumbi lisiruke, wamejifunga pua, na magamba yakusanywe kwenye turubai yasibaki uwanjani. Na huyo mwenye duka mwambie mapema: rangi ya maji ya nje, ya kiwanda kinachojulikana, kopo lisilofunguliwa, lenye maandishi kwamba haina risasi. Makopo yaliyobaki stoo miaka kadhaa, hata ya bure, yakataeni kwa shukrani.

Kiasi kinachohitajika si kikubwa. Ukuta wenu ni mita za mraba 36. Lita moja kwenye lipu laini hupaka mita za mraba 8 hadi 10 kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja, na lipu ya kukwaruza inakunywa zaidi. Lita 5 za praima, ile rangi ya kutangulia, inayohimili saruji, na ndoo moja ya lita 20 ya rangi nyeupe, zinatosha mikono miwili ya msingi na kubaki ya kuchanganyia. Kisha ongezeni rangi nne tu: nyeusi, nyekundu ya udongo, njano ya udongo na buluu. Nyekundu na njano za udongo hazipauki haraka juani kama zile za kung'aa, na waridi kali ndiyo huondoka mapema kuliko zote. Kanga nzuri nyingi nazo zina rangi tatu au nne, kwa hiyo hamtapungukiwa na kitu.

Ukutani wasizidi watoto 16 kwa wakati mmoja. Kwa mita 18, kila mmoja anapata nafasi ya kutosha kunyoosha mkono bila kumpaka mwenzake. Wengine wawe wanachanganya rangi, wanapima, wanaosha brashi, wanaandika kumbukumbu ya siku. Usimlazimishe kila mtoto kuchora. Nimewahi kuwa na msichana aliyekataa brashi katakata, akawa mchanganyaji, na hakuna mtu mzima pale aliyeweza kuipata ile kijani ya jana ila yeye. Fanyeni asubuhi kabla ya saa nne, ukuta ukichemka rangi inakauka kwenye brashi. Sehemu ya juu wasimame kwenye benchi pana, mtu mzima akiwa kando, ngazi hapana. Na maji ya kuoshea brashi yasimwagwe karibu na bomba. Wekeni ndoo tatu, chafu, nusu safi na safi, na ile chafu iachwe ituame kabla ya kumwaga shimoni.

(Kama kuna mwalimu wa Mji Mkongwe wa Zanzibar au wa Lamu anayesoma hapa: kuta zenu za mawe na chokaa ni habari nyingine. Rangi ya plastiki inazifungia unyevu ndani zikaoza, zinataka chokaa, na chokaa mbichi inaunguza macho na ngozi, kwa hiyo si kazi ya watoto. Tena kule lazima upate kibali cha mamlaka ya hifadhi kwanza. Chora kwenye vibao uvitundike.)

Ruhusa kwa upande wako ni mwalimu mkuu na kamati ya shule, na ofisi ya mtaa ijulishwe kwa kuwa ukuta unatazama barabara. Mfadhili naye aambiwe kabla hajaleta ndoo ya kwanza kwamba jina la duka litaandikwa kwenye kibao kidogo pembeni, si ndani ya kanga. Nimeona mji wa watoto ukiliwa na tangazo la mtu, na nikikumbuka bado nakasirika. Akishikilia, bora mchangishane rangi kidogokidogo.

Picha za watoto zipigwe kwa idhini ya wazazi tu, wakiwa kazini, wasipangwe mstari kushika brashi kavu. Na majina yao kamili yasiandikwe ukutani ambako kila mpita njia atayasoma. Najua watakuomba. Wachoreeni badala yake ramani ya kanga zote mbili kwenye karatasi kubwa, vipande vya pindo vikiwa na namba 1 hadi 64, na kila mtoto aandike jina lake kwenye namba yake kwa mkono wake mwenyewe. Ramani hiyo ikae ofisini kwa mwalimu mkuu. Siku ya mwisho, kabla rangi hazijaisha, jazeni kikopo kimoja cha kila rangi, kifungeni vizuri na kukiweka pamoja na ramani, mbali na jua. Baiskeli ikija kukwaruza kipande namba 41, mtafuteni mwenyewe, hata kama yuko darasa la sita, apewe kikopo na brashi akakitengeneze.